Chungu Chenye Kiu

Chungu kiliitika kabla mwinjilisti hajafika kwenye amina. Kwanza kilitoa sauti ndogo, kama mtu anayevuta hewa kwa meno akionja chai ya moto. Halafu kikaanza kunguruma, na mvuke mweupe ukapanda kutoka katikati ya sakafu, ukapita juu ya kitanda changu, ukafika kwenye mabati. Hapakuwa na moto. Wote waliokuwa wamejazana mlangoni waliona kwamba hapakuwa na moto, na hilo ndilo lililowatoa mbio.

Mimi nilibaki nimesimama, mgongo kwenye mwamba. Chungu kile nilikuwa nimekijaza mwenyewe asubuhi yake. Nilijua kilichomo, nilijua kwa nini kinanguruma, na nilikuwa nimeshawaambia wasifanye walichofanya. Lakini sauti yangu mimi ni ndogo tangu utotoni. Darasani, nikiitwa jina nijibu, mwalimu alikuwa anadhani sipo. Niliacha shule darasa la tano, na siku nilipoacha sidhani kama kuna aliyeona pengo.

*

Nyumba yetu iko Mkuyuni, kule juu ambako mawe makubwa yamekaa kati ya nyumba kama ng'ombe waliolala. Mume wangu Masele alijenga chumba cha nyuma kabla hajanioa, akitaka pa kuwekea vitu. Jiwe lilikuwa limesimama wima kama ukuta, akaona hakuna haja ya kuhangaika na matofali upande huo. Akajenga kuta tatu na kuliachia jiwe kazi ya ukuta wa nne. Kiangazi ni chumba kizuri, kina ubaridi wa mtungi. Masika, mwamba unatoka jasho. Hauvuji, maana ungekuwa unavuja ungejua pa kuziba. Unatoka jasho mahali pote kwa pamoja, taratibu, na jasho hilo linateremka mpaka sakafuni bila kuonekana linakotoka.

Gari la mizigo lilipompindukia Masele barabara ya Geita, tulikuwa tunaishi vyumba vya mbele. Matanga yalipokwisha, dada yake mkubwa, Paskazia, alikuja na kuanza kukunja godoro langu mimi nikiwa nimekaa juu yake. Alisema vyumba vya mbele ni vya watu wa nyumba hii. Mimi na mwanangu Favour tungekaa nyuma kwa muda, mpaka nijue mbele yangu na nyuma yangu.

Nilielewa. Kwetu ni Rorya, kule Mara, pwani ya ziwa ileile lakini watu wengine. Kwa Paskazia nilikuwa Mjaluo niliyeingia kwao na samaki mkononi na nikamtoa kaka yake na sanda. Alitaka niondoke. Hata hivyo hakutaka niondoke na mtoto.

"Kwenu njia unaijua," aliniambia, akining'iniza godoro mabegani. "Favour ni wa Masele. Ng'ombe zilitoka hapa zikaenda kwenu, zikapokelewa. Au baba yako amezirudisha?"

Baba yangu hakuwa amezirudisha. Ng'ombe zile zilikuwa zimeshazaa. Nikambeba Favour mgongoni, nikaenda kulala na mwamba.

*

Mvua za kwanza zilipoanza, nilianza kujifunza tabia za chumba kile. Njiti za kiberiti zilikuwa zinabomoka zikikwaruzwa. Sukari iligeuka uji ndani ya kopo. Nguo ulizokunja kavu ulizikunjua zina ubichi wa nguo ambazo mtu amezivua sasa hivi. Kisha pembeni mwa kitanda, mahali mwamba unapokutana na ukuta wa tofali, likatokea doa jeusi, laini kama masizi. Nililifuta, likarudi likiwa na ndugu zake. Baada ya hapo hewa yenyewe ikawa na ladha, ladha ya gunia lililosahaulika.

Favour alikuwa hajafikisha umri wa kwenda chekechea. Kifua chake kilianza kupiga filimbi. Alikuwa akilala nasikiliza ile filimbi, na ikikatika naamka nimtikise, kwa kuogopa kwamba imekatika kabisa.

Kule zahanati mganga alimweka kipimo kifuani, akaniuliza tunalala wapi. Nikamweleza habari za jiwe. Akasema dawa atanipa, lakini dawa itakuwa inashindana na chumba, na chumba kitashinda. Akasema mtoto atolewe kwenye unyevu na ule ukungu mweusi, avute hewa kavu.

Nilirudi nyumbani nikayasema maneno hayo mbele ya Paskazia kama yalivyo. Sikuwa na hila. Nilidhani mtu akisikia mtoto wa kaka yake anakosa pumzi atasema, haya, rudini mbele.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Kisha akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki uani, akamrudishia maneno yote kwa Kisukuma ili yaingie vizuri. Akamaliza kwa Kiswahili, kwa ajili yangu.

"Daktari mwenyewe amesema. Mtoto ahamie mbele, alale na mimi. Mama yake kama anapenda jiwe, akae na jiwe."

Mama mkwe hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tungojee tuone, kama kifua kitaendelea hivyo mpaka mvua ziishe, basi Paskazia amchukue. Ndivyo walivyonipa mpaka wangu. Ama nikikaushe chumba, ama nimpoteze mwanangu kwa umbali wa ua mmoja, na nilijua akishavuka ule ua mimi nitafungishwa virago kabla godoro lake halijapata joto.

*

Nilianza na mkaa. Nilikuwa nafua nguo za watu Nyegezi, na mama mmoja kule alikuwa anaweka mkaa kwenye kabati la viatu ili lisinuke. Nikajaza mkaa kwenye mifuko ya vitunguu, ile yenye matundu, nikaining'iniza karibu na mwamba na mingine nikaisukuma chini ya kitanda. Likitoka jua, naumwaga juu ya mawe ukauke, kisha naurudisha ndani. Ulisaidia kidogo, harufu ilipungua. Lakini siku moja nilirudi kutoka kufua, nikakuta mawe matupu na Paskazia anapikia maharage. Mkaa wangu ulikuwa haujakauka. Ulikuwa unatema cheche na kufuka moshi, na yeye analia machozi juu ya sufuria.

"Hata mkaa wake umekataa kuwaka," aliwaambia wapangaji wa jirani waliokuwa wanachota maji. "Mkaa wa wachawi huo."

Walicheka. Na mimi nilitabasamu, kwa sababu nilidhani ni utani.

Nikajaribu pumba za mpunga kutoka mashineni, nikazitandaza sakafuni kama kwenye banda la kuku. Zilikunywa maji kwa pupa mpaka zikaanza kuoza, na doa jeusi likashuka kutoka ukutani kuja kuzila. Nilizizoa zikiwa na uvuguvugu. Favour alikohoa wiki hiyo mpaka akawa anashika mbavu zake kwa mikono miwili kama mtu mzima.

Ndipo nikamkumbuka Masele akirudi nyumbani mweupe.

Mume wangu alikuwa mpakiaji kwenye maghala ya Igoma. Mara nyingi yalikuwa magunia ya chokaa, sio ile iliyokwisha kuzimwa ya kupaka kuta. Hii ilikuwa imetoka kwenye tanuru na haijawahi kuonja maji, ikipelekwa kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu. Siku ya kwanza aliporudi hivyo tulikuwa na mwezi mmoja wa ndoa. Nilimwona mlangoni, kope nyeupe, nikachukua beseni la maji haraka nimwogeshe kama mke mwema. Alinipigia kelele. Ni kelele pekee aliyonipigia maisha yake yote.

"Usinisogelee na maji!"

Alijipangusa kwanza kwa kitambaa kikavu, kila mkunjo wa ngozi. Kisha akanikalisha. Akachukua bonge dogo kutoka kwenye mfuko wa suruali, akaliweka kwenye kisosi, akalidondoshea maji ya kijiko. Bonge lilikaa kimya. Halafu likapasuka, likafuka, likachemka lenyewe, na kisosi kikawa cha moto hata sikuweza kukishika.

"Hii kitu ina kiu, Agutu," alisema. "Kiu mbaya. Ukiipa maji kwa wingi inakasirika. Ukiinyima, inakunywa hewa, polepole, haina neno na mtu."

Tangu hapo aliweka kikombe cha chokaa hiyo ndani ya sanduku la suti ya kanisani, na suti ile haikuota ukungu mpaka tulipomzika nayo.

*

Aliyenipatia chokaa ni Ojuok, mpakiaji mwenzake, kijana wa kwetu Rorya. Alikuwa ananiita nyamera, dada yangu, na baada ya msiba ni yeye peke yake katika wenzake wa Masele aliyeendelea kuja kutujulia hali. Nilimweleza. Alikuwa anaruhusiwa kuzoa yale yaliyomwagika kwenye magunia yaliyopasuka, akaniletea mabonge ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa juu ya mfuko mwingine. Alisimama uani muda wa kusalimia tu. "Shikamoo, mama," alimwambia mama mkwe, naye akaitika marahaba. Paskazia alikuwa anaanika nguo. Aliangalia ule mfuko ukitoka mkono hadi mkono, na hakuuliza kitu. Mtu aliyezoea kuuliza kila kitu akinyamaza, hapo ndipo pa kuogopa. Mimi sikuogopa. Nilikuwa na haraka.

Plastiki ingeyeyuka kama ingetokea bahati mbaya, hivyo nilichukua chungu cha udongo. Nilikijaza nusu tu, kwa kuwa chokaa ikinywa inavimba. Kwa sababu ya mtoto, nilihitaji kufunika mdomo kwa kitu kinachopitisha hewa lakini hakipitishi mkono. Nilikuwa na kanga mbili, zote za kuvaa. Kitu pekee kilichobaki kwenye sanduku la Masele ni jezi yake nyekundu ya mpira, imejaa vitundu vidogo kama neti. Nikakata mgongo wake. Nikaufunga kwenye mdomo wa chungu kwa kamba ya mkonge, nikakisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani, mahali ambapo Favour asingefika.

Sikusikia chochote kikitokea. Kilichotokea ni kwamba siku moja nilikwaruza kiberiti kikawaka mara ya kwanza. Nilikizima, nikakwaruza kingine, nikabaki nacheka peke yangu. Mabonge yalikuwa yanalegea taratibu kutoka juu, yanageuka unga laini, na yakishageuka unga yote yameshiba. Unga ule sikuutupa. Niliukoroga na maji, umeshapoa hauna madhara, nikapaka ukuta na mwamba wenyewe, tena na tena, mpaka doa jeusi likafa na chumba kikawa cheupe kama yai. Kisha Ojuok akaleta mabonge mengine. Mchana naacha mlango wazi, jioni naufunga, na chungu kinakunywa.

Filimbi kwenye kifua cha Favour ilishuka ikawa mluzi, mluzi ukawa pumzi. Mvua zilikuwa bado zinanyesha. Mwamba ulikuwa bado unatoka jasho. Mwanangu akawa anakimbia uani akifukuza kuku wa bibi yake, na kila akipita mbele ya shangazi yake nilikuwa namwona Paskazia akimfuata kwa macho. Nilidhani anaona alivyoshindwa. Kumbe alikuwa anahesabu ushahidi.

*

Aliingia chumbani nikiwa Nyegezi. Sikuwa na kufuli, na hata ningekuwa nalo, nyumba ni ya kwao. Aliinama chini ya kitanda akaona chungu, akaona kile kitambaa, akajua ni cha nani.

Niliporudi habari ilikuwa imeshafika bombani. Niliikuta imekaa pale na ndoo za watu. Mama mmoja aliyekuwa akinisaidia kujitwika alishika ndoo yake akasogea. Baadaye, mwingine mwenye huruma alinieleza Paskazia alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe: amemfunga kaka yangu kwenye chungu. Alikuwa ameyapanga vizuri, kila neno limekaa mahali pake. Masele alikufa barabarani gari likiwa halina ubovu wowote. Mjaluo mwenzangu ananiletea dawa nyeupe ndani ya mifuko miwili. Nimepaka chumba chote rangi ya kaburi. Na kifua cha mtoto kimepona ghafla, tena katikati ya masika. Kifua gani kinapona katikati ya masika kama hakuna kinachokilipia?

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimeponya mwanangu ili nisinyang'anywe, na kupona kwake ndiko kulikokuwa kunamchukua.

Sisi wa kanda hii tunajua neno lile, mchawi, likishamkalia mtu linampeleka wapi. Nilifikiria kukimbia na Favour. Lakini mtu wa aina ile akikimbia amekiri. Basi nikabaki, na asubuhi ya Jumamosi, kwa kuwa unga ulikuwa umeshiba, nikajaza mabonge mapya.

*

Walikuja mchana, jua likiwa limechungulia kati ya mvua mbili. Kikundi cha maombi kiliingia uani kinaimba. Mbele alikuwa mwinjilisti Alexander, kijana mnene mwenye sauti nzuri, ambaye siku za kazi anachomelea mageti Igoma. Sina ubaya naye. Alinisalimia vizuri, akaniita dada. Mkononi alikuwa na chupa ya maji, maji ya upako, yaliyokuwa yameombewa usiku kucha.

Mama mkwe alisogezewa kiti karibu na mlango wangu. Paskazia alikuwa amemshika Favour mkono. Begani kwake ulining'inia mfuko, na kwenye mdomo wa mfuko niliona gauni la mwanangu la njano. Alikuwa ameshazikunja nguo zake. Maombi yalikuwa kwa ajili yangu. Habari ya mtoto, kwake, ilikuwa imeshakwisha.

Walikivuta chungu kwa mpini wa jembe mpaka katikati ya sakafu. Hakuna aliyekigusa kwa mkono. Majirani walijaza mlango, waliokosa nafasi wakapanda kwenye mawe.

"Dada, sema mwenyewe," Alexander aliniambia. "Kuna nini humu?"

"Ni chokaa," nilisema.

Walikuwa wanaimba. Aliniinamia akaniuliza nimesemaje, nikarudia, na sidhani kama lilitoka zaidi ya hewa. Akakata kamba kwa kisu, akakitoa kile kitambaa kwa ncha. Paskazia alipokiona kinapepea alipiga ukunga mmoja, wa kweli. Naamini ulikuwa wa kweli. Alimpenda kaka yake.

Alexander akafungua kifuniko cha chupa. Hapo ulimi wangu ulifunguka, na kwa mara ya kwanza maishani nilisema kitu ambacho watu wote walikisikia.

"Usimwagie maji! Tafadhali, kaka, chochote kile, usimwagie maji!"

Nyimbo zilikatika. Kila mtu alikuwa amesikia. Mjane wa Masele anaogopa maji ya upako.

"Mnaona?" Paskazia alisema, polepole kabisa. "Mnaona wenyewe?"

Alexander akaimimina chupa yote.

Nimeshaeleza kilivyoitika. Kilinguruma, kikafuka, unga mweupe ukaumuka juu ya mdomo kama maziwa yanayochemka, ukamrukia Alexander kwenye kiganja, naye akaruka nyuma akipiga kelele kwamba kimemuuma. Kisha joto likauzidi udongo. Chungu kikapasuka kwa mlio mmoja kutoka juu mpaka chini, na ile kitu ikamwagika sakafuni ikiwa bado inachemka, bila moto, bila kuni, inatambaa.

Mlango ukabaki mtupu. Nilisikia watu wakianguka kwenye mawe huko nje, na ndoo ya mtu ikibiringika kuteremka mlima. Sikuangalia hayo. Nilikuwa naangalia mkono mmoja tu, na niliuona ukifunguka. Paskazia alimwachia mwanangu akakimbia.

Favour alisimama peke yake uani. Kisha akanijia, akiambaa na ukuta kuikwepa ile kitu kama nilivyomfundisha, akanishika kanga.

*

Walikusanyika tena kwa mbali. Kuna aliyekuwa na jiwe mkononi; niliona kidole gumba chake kikilizungusha. Alexander alikuwa ametumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, na hakuna aliyekuwa anaimba. Mama mkwe peke yake ndiye hakuwa amekimbia. Miguu yake ilikuwa imeshakataa mbio siku nyingi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake palepale mlangoni, na mvuke ulikuwa umemfanyia matone kwenye nywele.

"Mama Favour," aliniita. "Ni nini hicho?"

Kulikuwa kimya kabisa. Hata sauti kama yangu ingesikika hadi barabarani. Ningeweza kueleza yote, tanuru na magunia na kisosi cha Masele. Ningeweza kuchukua bonge na kijiko cha maji nikawaonyesha. Niliangalia ule mfuko uliodondoka uani, gauni la njano limetoka nusu, limekanyagwa. Nikamwangalia aliyeshika jiwe. Halikuwa limerushwa. Alikuwa na nafasi, nilikuwa nimesimama wazi mbele yake, na mkono wake ulikuwa umekataa.

Nilikuwa nimeshasema ni chokaa. Sikulisema tena.

Nilimtazama mama mkwe na kunyamaza, na kunyamaza ndicho kitu pekee ambacho nimekijua vizuri tangu nizaliwe.

Mama mkwe akaongea, si na mimi, bali na Paskazia, tena kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

"Huyu asifukuzwe."

"Mama!"

"Nasema asifukuzwe. Mtu mwenye kitu kama hicho ni afadhali uwe naye ndani, ameshiba, kuliko awe nje na hasira. Na mtoto mwacheni kwake." Aliwaangalia wote mmoja mmoja. "Au kuna anayetaka kwenda kumchukua? Aende."

Hakwenda mtu. Aliyeshika jiwe aliliweka chini taratibu, kama anayerudisha kitu cha wenyewe.

*

Favour yuko darasa la tatu sasa. Mwaka ule niliweka kufuli, ingawa halihitajiki. Chumba changu hata mwizi anakizunguka. Alexander anachomelea mageti yake na kovu kwenye kiganja, na nasikia huko anakosali chungu kimekuwa kikubwa, kina sauti ya mwanamume, kinataja majina. Mama mkwe tulimzika kiangazi kilichopita. Siku zake za mwisho alikuwa anataka kulala chumbani kwangu. Alisema ni pakavu.

Paskazia hajaniita Mjaluo tena. Haniiti kabisa. Ananipisha njia uani, anaacha maji ya bomba nikitokea. Kwa miaka yote hii hatujala sahani moja, wala sijamwomba. Kuna wanaoishi kwa kupendwa, na mimi nilijaribu. Hiki nilichopata nimekipata bila kukiomba, na nakitunza.

Masika haya, jirani wa juu alichimba shimo la choo karibu na mwamba, na maji yakapata njia mpya. Vyumba vya mbele vikaanza kutoka jasho. Binti yake Paskazia, Queen, amerudi nyumbani na kichanga, na kupitia ukutani nilianza kusikia ile filimbi. Niliijua kabla sijaisikia vizuri.

Sikwenda. Nilikuwa na mabonge ya akiba chini ya kitanda, na sikwenda.

Alikuja yeye, asubuhi, akasimama nje ya kizingiti. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimeishia pale kivuli cha mlango kinapoanzia.

"Mama Favour."

"Abee, wifi."

"Mtoto wa Queen kifua kimembana." Aliangalia pembeni. "Ile kitu yako. Inaweza kumwangalia na huyu?"

Nilimwambia ni chokaa. Nilisema kwa sauti ya kutosha, safari hii, na nikamweleza inatoka Igoma, Ojuok anazoa kwenye magunia, inanyonya unyevu wa chumba basi, haina kingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mara ya pili katika maisha yetu. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu ambaye hukutegemea akwambie ukweli.

"Haya. Wewe sema ni chokaa, na mimi nitasema ni chokaa. Inataka nini?"

"Haitaki maji," nilisema. "Na mtoto asiifikie."

Nikainama nikatoa chungu kipya, nikakijaza nusu. Nilipoinuka kutafuta kitambaa cha kufungia, nikaona mkono wake umevuka kizingiti, mkono peke yake, umenyooka. Ulikuwa na kipande cha kitambaa ambacho alikuwa ameshakikata chumbani kwake, kutoka kwenye gauni lake zuri la Krismasi.

Kilikuwa chekundu, kama ile jezi ya Masele. Kitambaa chochote kingefaa, hata kipande cha neti. Nilikipokea, nikakifunga, nikakaza kamba.